Bangi ya Lesotho: Mkulima aliyeishinda baridi ashindwa na leseni

LESOTHO ilipotoa leseni za kwanza za kukuza bangi ya matibabu mnamo 2017, ilisifiwa kuwa taifa la kwanza barani Afrika kuchukua hatua hiyo. Matumaini yalikuwa tele. Ilitarajiwa kuwa wanavijiji wa milimani, ambao kwa vizazi vingi wameipanda mimea hiyo kwa kujificha, wangekuwa wa kwanza kuonja matunda ya sheria mpya.

Mambo hayakwenda hivyo. Bangi halali ya Lesotho hukuzwa zaidi ndani ya vivungulio vya kampuni zenye mtaji mkubwa, aghalabu wa kutoka ng'ambo. Mkulima mdogo asiye na leseni angali mvunjaji sheria, ingawa yeye ndiye aliyeihifadhi mbegu na ndiye aliyejua jinsi ya kuikomaza katika nchi ya theluji.

Suala hili lina uzito kwa Wakenya pia. Mjadala wa kuhalalisha bangi humu nchini umekuwa ukizuka na kufifia tangu 2017, na kila mara swali huwa ni moja tu: iruhusiwe au isiruhusiwe? Yaliyotokea Lesotho yanaonyesha kuwa kuna swali la pili ambalo halipewi nafasi: ikiruhusiwa, ni nani atakayeweza kuikuza?

Jibu la swali hilo linaanzia shambani, kwenye mmea wenyewe na baridi unayopambana nayo.

Mmea wa jua katika nchi ya theluji

Lesotho ni nchi ndogo iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini. Ndiyo nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hata bonde lake la chini kabisa hukaribia mita 1,400, nacho kilele cha Thabana Ntlenyana hufikia mita 3,482. Majira ya baridi ya huko ni kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo theluji huanguka milimani na vipimajoto katika nyanda za juu hushuka chini ya sufuri usiku baada ya usiku.

Mkenya anayetaka kupata taswira kamili aifikirie Kinangop au Limuru mwezi Julai, kisha aongeze theluji.

Bangi, kwa upande wake, ina nasaba kadhaa. Mwanasayansi wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliupa mmea huo jina Cannabis sativa mnamo 1753. Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck alifuata 1785 kwa kuitenga aina ya kutoka India na kuiita Cannabis indica. Wataalamu wa mimea wangali wanabishana iwapo hizo ni spishi mbili au ni moja, na aina nyingi zilizoko sokoni leo ni chotara.

Hata hivyo, wakulima wanapotaja sativa huwa wanamaanisha mmea mrefu, wenye majani membamba na maua yasiyoshonana sana, uliozoea nchi za joto. Indica kwao ni mmea mfupi, wenye majani mapana, unaokomaa mapema na wenye asili katika milima ya Asia ya Kati kama vile ya Afghanistan. Bangi ya jadi ya kusini mwa Afrika, zikiwemo zile zinazojulikana kibiashara kama Durban Poison na Malawi Gold, huhesabiwa katika kundi la sativa.

Wanahistoria wanakubaliana kuwa mmea huo ulitoka Asia na kuingia Afrika kupitia upwa wa mashariki. Jina lenyewe ni ushahidi. Neno 'bangi' la Kiswahili ni ndugu wa 'bhang' la Kihindi, na Zimbabwe mmea huo huitwa 'mbanje'. Ulipofika kwa Basotho ulipewa jina 'matekoane', na ukawa sehemu ya dawa za kienyeji na mila zao.

Mbio dhidi ya jalidi

Tatizo la sativa katika nchi ya baridi si baridi peke yake. Ni saa.

Bangi ya kawaida huanza kutoa maua kwa kufuata urefu wa usiku. Mchana ukiwa mrefu, mmea huendelea kurefuka na kuongeza majani. Usiku unapoanza kurefuka, mmea hutambua kuwa msimu unaisha na hugeukia maua. Indica huweza kumaliza kazi hiyo kwa wiki nane hivi. Sativa ya nchi za joto huhitaji wiki 10, 12 na wakati mwingine hata zaidi.

Karibu na ikweta hilo si hoja, kwa kuwa mchana na usiku hutoshana takriban mwaka mzima na hakuna majira ya theluji yanayonyemelea. Lesotho iko karibu na latitudo ya 30 kusini. Huko, mchana wa Desemba hukaribia saa 14. Kufikia katikati ya Februari huwa umepungua hadi saa 13 hivi, na mwishoni mwa Machi huwa saa 12.

Mkulima akipiga hesabu hizo huona hatari mara moja. Mmea unaoanza kuchanua Februari na kuhitaji wiki 12 utakuwa tayari mwezi Mei. Lakini jalidi, ule umande unaoganda na kuwa barafu juu ya majani, huweza kuingia nyanda za juu mapema kuanzia Aprili. Usiku mmoja wa jalidi kali hutosha kuunguza kazi ya miezi saba.

Adui wa pili ni unyevu. Ua linalokaa muda mrefu shambani katika ukungu na mvua za mwisho wa msimu hushikwa na kuvu na kuoza kutoka ndani. Hapa sativa ina nafuu kidogo, kwani maua yake hupitisha hewa kuliko yale ya indica yaliyoshikana. Ni miongoni mwa sababu zinazowafanya wakuzaji wa nchi za baridi, kuanzia Uholanzi hadi Canada, waendelee kuihangaikia licha ya uzito wake wa kukomaa.

Katika mataifa hayo njia ni tatu. Ya kwanza ni kuipandisha sativa na indica ili kupata chotara anayekomaa mapema. Ya pili ni kuipandisha na bangi mwitu ya Urusi na Asia ya Kati, iitwayo ruderalis, ambayo huchanua kwa kufuata umri wake bila kujali urefu wa mchana. Ya tatu ni kuuondoa mmea shambani na kuuingiza ndani ya kivungulio au chumba chenye taa, ambako binadamu ndiye anayeamua jua lichomoze saa ngapi na kutua saa ngapi.

Mkulima wa Kisotho hakuwa na lolote kati ya hayo. Alichokuwa nacho ni muda. Msimu baada ya msimu, mbegu iliyobaki mikononi mwake ilikuwa ya mmea uliowahi kukomaa kabla ya jalidi, kwa sababu ule uliochelewa haukuacha mbegu. Aliipanda katika mabonde na miteremko inayopata jua, mara nyingi katikati ya mahindi. Kwa njia hiyo ilipatikana sativa iliyozoea milima.

Kazi hiyo haikuandikwa katika jarida lolote la sayansi, wala haikulindwa na hataza. Lakini ni utafiti wa vizazi kadhaa.

Mtaji waingia milimani

Sheria ya Lesotho ya 2008 kuhusu dawa za kulevya ndiyo iliyofungua mlango wa kukuza bangi kwa ajili ya tiba na sayansi, kwa leseni. Leseni hizo zilipoanza kutolewa 2017, soko la dunia lilikuwa limechangamka. Canada ilikuwa mbioni kuhalalisha bangi kwa watu wazima, hatua iliyotekelezwa Oktoba 17, 2018, na kampuni za huko zilikuwa zikisaka ardhi, jua na vibarua wa bei nafuu.

Lesotho ilikuwa na hivyo vyote, pamoja na maji safi ya milimani. Mei 2018, kampuni ya Canopy Growth ya Canada ilitangaza kuinunua kampuni moja yenye leseni nchini humo kwa hisa za thamani ya takriban dola milioni 28.8 za Canada. Kampuni nyingine za Canada zilifuata mkondo huo huo.

Gharama ya kuingia katika biashara hiyo ilikuwa ya kumtoa mkulima pumzi. Leseni iliripotiwa kugharimu nusu milioni ya maloti, kiasi kilichozidi dola 30,000 za Marekani kwa viwango vya wakati huo. Kwa mkulima anayechunga kondoo na kupanda mahindi kwenye mteremko wa mawe, fedha hizo ni sawa na kuambiwa anunue mlima wenyewe.

Hata hivyo, leseni ilikuwa kizingiti cha kwanza tu. Dawa inayouzwa Ulaya lazima iwe na kiwango kile kile cha kemikali katika kila fungu. THC, ambayo ndiyo inayolevya, na CBD, ambayo hailevyi, hupimwa kwenye maabara. Viuatilifu, madini mazito na kuvu navyo husakwa. Mimea iliyokulia chini ya mvua ya mawe na upepo wa milimani haiwezi kutoa usawa huo kwa urahisi.

Kwa hivyo kampuni zilijenga vivungulio, vyumba vya kukaushia na maabara. Nyingi zilikuja na mbegu zao, ambazo ni chotara waliotayarishwa kwingine. Ile sativa ya jadi iliyokuwa imejifunza kuikwepa jalidi haikuwa na kazi tena, kwa kuwa ndani ya kivungulio jalidi haiingii.

Hapo ndipo mkulima alipopoteza. Ujuzi wake ulikuwa wa kupambana na baridi bila fedha. Baridi ilipopata dawa ya kununuliwa, ujuzi huo ulishuka thamani kwa siku moja.

Waliobaki na walioondoka

Si haki kusema kuwa mpango huo haukuzaa chochote. Mnamo 2021 kampuni ya MG Health, yenye shamba lake Marakabei katika nyanda za juu, ilipata cheti cha ubora kinachoiruhusu kuuza maua ya bangi ya matibabu katika Muungano wa Ulaya. Ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia hatua hiyo. Kuna vijana waliopata ajira katika eneo ambalo kazi za mshahara ni za kutafutwa kwa tochi.

Na Lesotho inazihitaji kazi hizo. Kwa miongo mingi wanaume wake walitegemea migodi ya Afrika Kusini, ambayo imepunguza wafanyakazi. Viwanda vya nguo vilivyochukua nafasi hiyo vilitikiswa Aprili 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alipotangaza ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa za Lesotho. Ushuru huo ulishushwa baadaye hadi asilimia 15, lakini Julai mwaka huo serikali ilikuwa tayari imetangaza hali ya janga la kitaifa kutokana na ukosefu wa ajira.

Lakini mtaji wa kigeni hauna mizizi. Baada ya 2018 ilibainika kuwa Canada ilikuwa imezalisha bangi kupita kiasi. Bei zikaporomoka, hisa zikaanguka. Aprili 2020, Canopy Growth ilitangaza kuwa inajiondoa Afrika Kusini na Lesotho, takriban miaka miwili tu baada ya kuingia kwa vishindo.

Kampuni ikishindwa hufunga vitabu na kurudi kwao. Mkulima wa mlimani hana kwao kwingine.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kwa macho. Chavua ya bangi hupeperushwa na upepo kwa kilomita nyingi. Mashamba ya mbegu za kigeni yakiwa jirani na ya jadi, mimea hujamiiana na sifa zilizochaguliwa kwa vizazi huyeyuka. Chotara wa kivungulio hajui mbio za jalidi. Mkulima akijikuta na mbegu hiyo bila kivungulio chenyewe, atakuwa amepoteza silaha yake na kukosa ya jirani.

Morocco ilivyochagua

Mfano wa njia tofauti uko Morocco. Milima ya Rif, ambako theluji huanguka pia, imekuza bangi kwa karne kadhaa. Sheria iliyopitishwa huko 2021 iliruhusu kilimo hicho kwa matumizi ya tiba na viwanda katika mikoa mitatu tu ya Rif: Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate. Anayepewa kibali cha kulima lazima awe mkazi wa huko, na lazima ajiunge na ushirika.

Mamlaka ya Morocco pia ilikubali mbegu ya jadi iitwayo 'beldia'. Hiyo ni bangi iliyozoea milima ya Rif, hutumia maji machache na huvunwa mapema kuliko chotara wa kigeni ambao wamekuwa wakinyonya visima vya eneo hilo. Mavuno halali ya kwanza, ya 2023, yalikuwa tani 294. Agosti 2024, Mfalme Mohammed VI aliwasamehe watu 4,831 waliohukumiwa au kusakwa kwa makosa ya kukuza bangi, ili waweze kujiunga na kilimo halali.

Rif si peponi. Wakulima wengi wangali nje ya mpango huo, na soko haramu halijafa. Tofauti ni kwamba sheria ya Morocco ilianza kwa kumtaja mkulima na mlima wake. Ya Lesotho ilianza kwa kutaja ada.

Kenya na kumbukumbu ya pareto

Humu nchini, bangi ni haramu. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ilipopitishwa, iliweka adhabu ya hadi miaka 20 gerezani kwa anayeikuza, faini ya Sh250,000 au mara tatu ya thamani ya mimea, au vyote pamoja. Hilo halijauzuia mmea huo. Uchunguzi uliofanywa kutoka angani na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) mnamo 1999 ulibaini mashamba ya bangi ndani ya msitu wa Mlima Kenya.

Kisiasa, aliyekuwa Mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, alipendekeza mswada wa kuihalalisha 2018. Chama cha Rastafari kilikwenda Mahakama Kuu 2021 kikidai haki ya kuitumia katika ibada. Prof George Wajackoyah aliifanya nguzo ya kampeni yake ya urais 2022, akaahidi kuwa ingelipa madeni ya taifa, na akapata kura 61,969. Kimataifa, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 25 zilizopinga Desemba 2020 pale tume ya Umoja wa Mataifa ilipopiga kura ya kuiondoa bangi katika orodha ya dawa hatari zaidi. Waliounga mkono walikuwa 27.

Wanaopinga wana hoja nzito. Utafiti wa kitabibu umehusisha matumizi ya bangi kali miongoni mwa vijana na maradhi ya akili, na shule nyingi zinalemewa na uraibu hata sasa. Hoja hizo zinastahili kujibiwa kikamilifu kabla ya sheria kuguswa.

Lakini wanaounga mkono nao hawajaulizwa swali gumu zaidi. Wanapotaja mabilioni ya dola, aghalabu hutoa taswira ya mkulima wa Nyandarua au Meru akivuna utajiri. Ni kweli kuwa karibu na ikweta mchana hautofautiani sana, na sativa haingekuwa na mbio zile za Lesotho. Hata hivyo, jalidi ya Januari na Februari ambayo huunguza majani chai ya Kericho na Nandi isingeisaza bangi, wala ukungu wa Julai usingekosa kuleta kuvu. Mnunuzi wa Ulaya angedai cheti kile kile na maabara ile ile. Kivungulio kingehitajika, na mwenye kivungulio ndiye angekuwa mkulima.

Wazee wa Molo, Kinangop na Kisii wanaijua hadithi hii kwa jina jingine. Pareto pia ni ua la nchi ya baridi. Bila baridi ya nyanda za juu halichanui vyema. Kenya ilitawala soko la dunia kwa miongo mingi, na ua hilo lilichumwa kwa mikono na wakulima wadogo. Kisha malipo yakaanza kucheleweshwa, wakulima wakang'oa mimea, na jimbo la Tasmania nchini Australia, likitumia mitambo na utafiti, likachukua nafasi hiyo. Sheria ya 2013 iliyofungua sekta hiyo kwa kampuni binafsi ilikuja wakati mashamba mengi yalikuwa yamegeuzwa ya viazi.

Ua la pareto halikulevya mtu wala kumfunga yeyote jela, na bado mkulima alipoteza. Bangi, iliyozungukwa na polisi, leseni na wawekezaji, haiwezi kutarajiwa kumhurumia zaidi.

Bunge la Kenya likiamua siku moja kulijadili suala hili, vifungu vya kwanza vya kuchunguzwa havitakuwa vile vya adhabu wala vya ushuru. Vitakuwa vile vinavyotaja bei ya leseni, ukubwa wa shamba, umiliki wa mbegu na nafasi ya vyama vya ushirika. Humo ndimo mkulima huingizwa au hufungiwa nje, kimyakimya, huku viongozi wakipigiwa makofi jukwaani.

Huko Lesotho, Mosotho aliyeichagua mbegu yake kwa macho na subira, mwaka baada ya mwaka, aliweza kuishinda baridi ya mita 2,000. Kilichomshinda ni karatasi. Mchimba kisima, wahenga walisema, huingia mwenyewe. Lakini katika biashara hii aliyechimba kisima ndiye aliyeachwa na kiu, na aliyekuja na ndoo ya fedha ndiye aliyeteka.